Dakika Tatu za Uongo

Kibet mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu. Najua utaushangaa, kwa sababu kwa miaka minne umeamini kwamba macho ya baba yako hayaoni herufi. Kila jioni umenisomea Biblia, na gazeti likipatikana, gazeti. Barua zote za nyumba hii umeandika wewe huku mimi nikikutajia maneno. Macho yangu ni mazima, Kibet. Yalikuwa mazima siku zote. Barua hii naiandika mchana kweupe, nimekaa nyuma ya zizi la ndama, nawe uko kanisani na mama yako mnaaga watu.

Nitaiweka chini ya mahindi aliyokufungia mama yako, kwa hivyo najua utaipata kabla gari moshi halijafika Nakuru. Tumbo lako nalifahamu. Kama hapa tayari umeshakasirika, kula kwanza, halafu uendelee.

Habari za sabuni na blanketi na watu wa kuogopa mjini mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, na mjomba wako mara ya nne. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili. Jana nilikuita shambani tukapalilie chai, ukaja, tukapalilia mistari sita, nikakuuliza habari za jembe. Ndivyo nilivyo. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozoea kuandikia kazini. Kipsigis changu ni cha mdomoni, na mdomo umenishinda.

Unakwenda kufanya kazi kwa Bwana Saa. Huko Nairobi sijui wanamwitaje. Sisi tuliomfanyia kazi tulimwita hivyo tangu alipokuwa na kile kituo kidogo cha mifugo hapa upande wa Sotik, kabla hakijafungwa, kwa sababu alikuwa anatazama saa hata akinywa chai. Vitabu vyake vya kazi vina majalada meusi na hatupi hata kimoja. Siku moja utatumwa kwenye rafu hiyo, na katika kimoja utakuta mwandiko huu unaousoma sasa. Utakuta mstari mmoja niliouandika, na chini yake mstari mwingine unaosema wa kwanza ni uongo. Sitaki umjue baba yako kwa kusoma kitabu cha kazi.

Unakumbuka ule ugonjwa wa ndama. Walizaliwa vizuri, wakanyonya, halafu miguu ya nyuma ikalegea mpaka wasiweze kusimama. Kwetu walikufa, na upande wa Mulot vilevile. Bwana Saa aliona kwamba ubaya uko ndani ya misuli, akataka kuutazama kwa ile hadubini mpya ya elektroni. Ile uliyoiona shuleni hutumia mwanga. Hii haitumii mwanga kabisa, na inakuza kitu mpaka uone uzi uliomo ndani ya uzi. Ilikuwa Ulaya, sikuwahi kuiona. Niliona picha zake tu.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo kazi utakayofundishwa. Nyama haiingii katika mashine hiyo ikiwa mbichi. Lazima kwanza isimamishwe kwa dawa, ibaki kama ilivyokuwa wakati ule ule. Wewe umechinja, umeona msuli ukitetemeka hata ngozi ikiwa imeshatoka. Bado uko hai kidogo. Dakika zikipita bila dawa unaanza kujiharibu wenyewe kwa ndani, ingawa kwa macho ya mtu ni nyama nzuri ya kuliwa. Tulizoea dawa ya formalini, ambamo unatumbukiza kipande kikubwa kama kidole gumba na huna haraka. Lakini hadubini ile haikudanganywa na formalini yetu. Bwana Saa akaleta osmiamu, katika vichupa vya kioo vilivyozibwa kwa moto. Mvuke wake unachoma macho, na nyama ikiingia humo inakuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Na ni dawa inayotembea polepole sana. Haifiki ndani zaidi ya unene wa ukucha. Ukiweka kipande kinene, nje kitasimama na katikati kitaendelea kuoza, nawe utajidai umemaliza kazi.

Tena msuli una tabia zake. Ukiukata ukiwa huru na kuutia dawani, unajikunja, na mistari yake inasongamana. Kwa hivyo unachagua utepe mwembamba, unaufunga uzi huku na huku kwenye kijiti cha mwanzi ungali mwilini mwa mnyama, urefu wake ule ule, ndipo unakata utepe na kijiti pamoja na kuvizamisha kwenye dawa iliyokaa juu ya barafu. Baadaye unaukata vipande vidogo kuliko punje ya wimbi. Kufunga ule uzi hakuna aliyenishinda. Nasema bila haya, hata Bwana Saa mwenyewe vidole vyake vilikuwa vinene. Picha ya kwanza ya mkono wangu iliporudi aliniita nje kwenye jua nikaione. Mistari myeusi na myeupe, imenyooka, sawasawa, kama chai iliyopandwa na mtu mwenye kamba. Katikati ya mistari kulikuwa na vitu vidogo kama maharagwe. Nilikaa siku nzima nikiwa na furaha ya kijinga.

Alikuwa na picha za ndama wagonjwa. Alitaka na ya ng'ombe mzima kutoka kwetu, apate kulinganisha. Wakati huo babu yako wa Ndanai alikuwa anachinja fahali kwa ajili ya harusi ya mjomba wako. Nikaenda nikamwomba nyama kidogo ya kupima, akakubali, akacheka kwamba hata mkwe wake amekuwa omba-omba. Ambalo sikumwambia ni kwamba nitaihitaji mara tu fahali akianguka, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimelipanga neno hilo njia nzima. Nilipofika mbele yake likakwama. Unajua jinsi mtu anavyokaa kwa baba mkwe.

Asubuhi ya siku ya kuchinja Bwana Saa aliitwa Kericho. Akavua saa yake mkononi, akanivalisha mimi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvaa saa ile. Nikaenda Ndanai peke yangu na kisanduku cha barafu, dawa, vijiti na kitabu, najiona mtu mkubwa.

Fahali akaanguka. Nikatazama saa. Wazee wakafungua tumbo, wakayatandaza matumbo juu ya majani kuyasoma yanatabiri nini, maana babu yako na rika lake hawaachi jambo hilo kwa sababu ya kanisa letu. Wazee wakisoma matumbo, hakuna anayegusa nyama kwa kisu. Mwingine angeweza kunong'ona. Mimi mkwe, niliyemwoa binti wa boma lile, ningepita mbele ya wazee wale na kijiti cha mwanzi niseme nini? Mmoja akaona alama, mwingine akaikataa. Wakatuma mtu ng'ambo ya mto amlete mzee wa tatu. Mzee wa tatu alikuwa na mguu mbaya. Dakika kumi zikapita, kisha nusu saa. Barafu ikawa maji. Nilisimama pale na ile saa mkononi, na kila nilipoitazama nilisema moyoni, sasa nitaongea. Sikuongea. Mpaka wanamaliza, muda wa saa moja na nusu ulikuwa umepita tangu fahali aanguke.

Nilipopiga goti nifunge uzi wangu mwembamba, vijana wakaanza kunitania kwamba mkwe amekuja kuchukua nyama ya kulisha siafu. Watu wakacheka, na babu yako akacheka. Kibet, niliona aibu. Katika boma lile ukipewa nyama unakata kipande cha mtu aliyeheshimiwa. Basi nikatupa kijiti, nikakata kipande kizima kama kidole na kukitia dawani mbele yao, wakanyamaza. Nilipokipasua baadaye nje kilikuwa cheusi na katikati bado chekundu.

Kitabu kina safu inayouliza muda uliopita kati ya mnyama kuanguka na nyama kuingia katika dawa. Nilikaa chini ya mti njiani, nikaandika dakika tatu.

Nilijiambia hakuna atakayejua. Na kwa kweli nilidhani ni kitu kidogo, nyama ni nyama, ng'ombe alikuwa mzima, sote tulimla. Picha zilirudi baada ya miezi mingi. Bwana Saa alizitandaza mezani, akazitazama moja moja. Mistari ilikuwa imekatika na kuparaganyika. Yale maharagwe yalikuwa yamevimba, mengine yamepasuka na kubaki maganda. Palikuwa na mapengo meupe mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Akafungua kitabu, akasoma dakika tatu. Mtu yeyote mwaminifu angeamini alivyoamini yeye, kwamba ng'ombe wa Ndanai wanaonekana wazima lakini wameshaingiliwa na ugonjwa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza nikiosha vichupa.

Pale pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua.

Boma la babu yako likatiwa karantini. Unaikumbuka, ulikuwa mkubwa kiasi. Hakuna aliyechukua maziwa yao, na ng'ombe waliokuwa wapelekwe kuuzwa hawakutoka. Majirani walizungusha mifugo yao mbali ili wasipite karibu. Babu yako alikuwa anakuja hapa kwetu, anakaa kwenye kile kigoda, ananiuliza mimi, kwa kuwa nafanya kazi huko, ng'ombe wake wamekosa nini. Nilimjibu kwamba wataalamu bado wanapima. Akanishukuru. Alinishukuru, Kibet, na nikaendelea kunywa mursik wake, yale maziwa ya kibuyuni.

Kisha ikaamuliwa wanne wachinjwe wachunguzwe vizuri, na mmoja wao alikuwa Chelel, yule mweupe aliyekuwa wa bibi yako marehemu. Mama yako alilelewa kwa maziwa ya mama yake Chelel. Bwana Saa alikuja mwenyewe siku hiyo, na wazee hawakuitwa. Chelel aliogopa wageni akawa anarudi nyuma, wakaniambia nimshike, maana mimi ananijua. Nikamwita, akaja. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Nilifunga uzi wangu kwenye mwanzi vizuri kuliko siku zote, na nyama ikawa dawani kabla dakika mbili hazijaisha. Nikaenda nyuma ya gari nikalia. Bwana Saa alidhani ni mvuke wa dawa.

Picha za Chelel zilipokuja zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Mstari kwa mstari. Alikuwa mzima kabisa. Wote wanne walikuwa wazima. Bwana Saa akaweka picha ya Chelel kando ya ile ya fahali, akafungua tena kitabu, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu. Hakupaza sauti.

"Ni kweli dakika tatu?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote, matumbo, mzee wa mguu mbaya, siafu, na kile kipande kama kidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeona afadhali. Alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo, nalo ndilo pekee ninalotaka ulibebe kutoka kwangu, mengine utajifunza kwao.

"Ungeandika saa moja na nusu," alisema, "picha hii ingetufundisha kungoja kunaifanya nini nyama. Ingekuwa na faida kubwa. Sasa haijatufundisha kitu, na ng'ombe wanne wamekufa."

Unaona? Kosa langu la kungoja lilikuwa na mahali pake kitabuni. Lilikuwa na safu yake, tena pana. Nyama iliyochelewa, ikiandikwa kwamba imechelewa, ni kazi nzuri. Nilikuwa naogopa jambo ambalo halikuwa na hatari yoyote. Na tena nakuambia, utakapokuwa mbele ya picha mbaya, jiulize kwanza ubaya huu ni wa mnyama au ni wa mikono yetu. Mimi nimefanya hivyo hata kwako. Ule mwaka uliokuwa mkaidi, hutaki shule, nilikuchapa nikisema huyu ameharibika. Ulikuwa huna ubaya wowote. Ulikuwa na baba anayeficha kitu ndani ya nyumba, na watoto wanasikia harufu ya mambo hayo. Kwa fimbo ile nakuomba radhi.

Bwana Saa hakuufuta mstari wangu. Alinipa kalamu akaniambia niandike ukweli chini yake na niweke jina langu. Kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia saa, ingawa siku hiyo sikuwa nimeivaa. Ilikuwa pale mezani, nikaichukua mezani nikampa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Akaniambia hawezi kufanya kazi na mtu ambaye itabidi amkague. Karantini ikaondolewa wiki iyo hiyo, na babu yako akaambiwa ugonjwa umekwisha. Nani wa kumweleza zaidi? Mkwe wake alikuwa amenyamaza.

Asubuhi ya siku ile niliyofukuzwa, kichupa kilikuwa kimenipasukia, macho yalikuwa mekundu yanatoka machozi. Nilipoingia nyumbani mama yako akaniuliza nimepatwa na nini hata nikarudi mchana. Nikasema dawa imeniharibu macho, wamenipumzisha kazi. Nilifikiri ni uongo wa wiki moja, mpaka nipate maneno. Basi jioni wewe ukachukua Biblia mezani bila kuambiwa, ukakaa karibu na taa, ukaanza kunisomea. Ulikuwa bado unafuata mstari kwa kidole. Ningekuambia nini?

Miaka minne. Nimepanda chai, nimeona kiwavi kwenye jani hatua kumi mbele yangu, nikajifanya nimemgusa kwa bahati. Umeruka mistari, wewe kijana. Yale majina ya nani alimzaa nani ulikuwa unayaruka ukurasa mzima ukalale mapema, mimi nikiona kabisa kwa jicho la pembeni, na siwezi kusema kitu. Hiyo ilikuwa adhabu yangu, na nilistahili.

Lakini nilipenda kusomewa. Hilo usilitie katika uongo. Sauti yako ilipobadilika niliisikia ikibadilika katikati ya Zaburi, na nikaona nina bahati kuliko baba wengine wa huku, ambao watoto wao huwasalimu tu na kwenda zao. Ningeweza kusema ukweli mwaka wa pili. Sikusema kwa sababu nilijua utaacha kuja kukaa pale. Sasa unaondoka, na najua huwezi kurudi ukakaa pale kama zamani.

Mama yako nilimwambia juzi. Nilianza na macho, nikidhani ndilo jepesi. Akaendelea kuchambua maharagwe. Akasema, "Nilikuona unasoma gazeti nyuma ya zizi mwaka ule ule wa kwanza. Nimekuwa nikingoja useme." Halafu nikamwambia habari za Ndanai, na za Chelel. Hapo mikono yake ikasimama. Hakulia wala hakunitazama. Baadaye sana alisema mambo mawili, kwamba wewe usiondoke bila kujua, na kwamba kwa baba yake nitakwenda mwenyewe, yeye hatanisindikiza. Tangu juzi ananipa chakula kwa heshima zote na haniongeleshi. Ana haki yake.

Kwa hiyo kesho, lori likikuchukua kwenda stesheni ya Lumbwa, utaniona nimesimama barabarani nakupungia. Utakapopotea kwenye kona sitarudi nyumbani. Nitashika njia ya Ndanai. Nitamkuta babu yako akichunga wale waliobaki, na safari hii nitapita mbele ya wazee wote waliopo na kusema. Nina ndama jike mweupe hapa zizini, ndiye anayenipumulia mgongoni nikiandika. Nitakwenda naye. Najua si Chelel. Babu yako anaweza kumkataa, anaweza hata kunifukuza nisikanyage tena boma lake, na mama yako atalazimika kwenda kwao peke yake. Hilo ndilo nililoliogopa miaka yote minne, na bado naliogopa wakati huu.

Bwana Saa anajua wewe ni mtoto wa nani. Nilimwandikia mwenyewe, kwa siri, nikamtajia jina langu lote ili asije akadanganyika tena. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba uje. Kwa hiyo usiinamishe kichwa mbele yake. Na siku ukitumwa kwenye ile rafu, fungua ukurasa ule, soma mistari yote miwili, halafu ufunge, uendelee na kazi yako.

Nawasikia mnarudi, mama yako anacheka na mtu njiani. Muda kati ya kosa na dawa, hapa nyumbani: miaka minne na miezi mitatu. Safari hii nimeandika muda wa kweli.

Kila mtu hapa ameshaanza kuniuliza nani atanisomea barua zako. Mwalimu wa shule amejitolea, na mjomba wako pia. Kama utakaa kimya kwa muda, nitaelewa, mwandikie mama yako. Lakini ukiniandikia mimi, weka jina langu juu ya bahasha, uifunge vizuri. Nitaisoma mwenyewe.

Baba yako